Kilo 20 Kabla ya Vuli

Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya stoo, na chini yake mpishi alikuwa amepiga magoti sakafuni akigonganisha mayai. Anashika mawili, moja kila mkono, anayagusisha taratibu karibu na sikio, anasikiliza, kisha anayarudisha kwenye trei. Yai zima hulia kwa sauti kali, kama kokoto. Lenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, hutoa sauti fupi iliyoziba. Katika trei tatu alitenga mayai manne. Tukayakaanga usiku ule ule.

Hapo ni Moshi, mwishoni mwa Oktoba. Wageni walikuwa wanne, wametoka Ulaya, ambako wakati huo majani yanapukutika na watu wanatoa makoti kabatini. Walikuwa wanapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7, kulala mahemani. Kwetu tarehe hizo zina maana yake: vuli iko mlangoni, na haina desturi ya kupiga hodi. Viongozi, mpishi na wapagazi jumla yao watu 16. Midomo 20 basi, bila kunihesabu mimi, na hakuna duka njiani.

Nimepanda mlima huu mara mbili na sikuwahi kujiuliza chakula kilifikaje mezani. Safari hii niliomba kukaa stoo siku mbili nzima, nimtazame mtu mmoja akipanga, kisha nipande nao.

Daftari lake linaanzia mwisho. Ukurasa wa kwanza ni Barafu, kambi ya usiku wa kuamkia kilele, kama mita 4,670 juu ya usawa wa bahari. Wageni hula saa kumi na moja jioni, hulala kidogo, huamshwa saa tano usiku, na kabla ya saa sita wanatakiwa wawe na kitu cha moto tumboni. Wengi wao muda huo hawataki hata kunusa chakula. "Mimi nafunga kwanza mzigo wa usiku ule," aliniambia. "Ule ukishakaa sawa, dada, wa huku chini nitahangaika nao tu."

Barafu hakuna chemchemi. Maji yanatekwa bonde la Karanga, yanabebwa kichwani hadi juu, mwendo wa masaa. Kwa hiyo kila kikombe kina shingo ya mtu ndani yake, na mpishi anapanga akilijua hilo. Tena maji yenyewe huko juu hayana nguvu: hewa ni nyepesi, yanachemka yakiwa karibu nyuzi 85, si 100. Unayaona yanatokota, lakini maharage yaliyomo yatashinda humo mpaka jioni na bado yatagonga kwenye meno. Basi maharage anayaloweka Moshi na kuyapika kambi za chini kwa presha kuka. Viazi vya Barafu anavichemsha Karanga, kwenye maji mengi, kisha vinapanda vikiwa vimeshaiva, vimefungwa kwenye taulo; juu vinahitaji kupashwa tu. Kwa boga anapika supu nzito yenye tangawizi nyingi, kwa sababu tangawizi hutuliza kichefuchefu na supu hushuka hata kwa mtu aliyefunga meno. Sukari hapimi kwa kijiko. Anapima kwa kuutazama uso wa mgeni.

Kutoka hapo anateremka ukurasa kwa ukurasa: Karanga, Barranco, Shira, hadi Machame. Kadiri anavyoshuka ndivyo vitu vinavyokuwa vizito. Kuku, ndizi za kupika, tikiti maji, vyote ni vya siku ya kwanza na ya pili. "Tikiti halivuki kambi ya kwanza," alisema, na alisema kama anayetaja sheria ya nchi.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda soko la Mbuyuni. Nilidhani kununua maparachichi ni kuchagua yaliyoiva. Yeye alimwambia mama muuzaji, "Nipe matano ya Jumanne, na matano ya Ijumaa," na mama hakushangaa hata kidogo. Akabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, moja baada ya jingine, akatenga mafungu mawili. Mpishi akarudia kubonyeza, akarudisha mawili, akaongeza mengine mawili magumu zaidi. Baridi ya mlimani, akanieleza, huchelewesha kuiva. Parachichi la Ijumaa likikaa Shira si sawa na likikaa jikoni kwako. Nyanya alichagua za rangi ya kijani yenye wekundu wa mbali. Karoti na vitunguu alivipitia haraka, havina shida.

Kazi kubwa ilikuwa mchana, chini ya mizani. Mzigo wa kampuni hauzidi kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na langoni Machame askari wa hifadhi wanapima. Wapagazi wenyewe, ambao mlimani wanajiita wagumu, wana nguo na blanketi zao za kubeba juu ya hizo. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukijaa, na chuma chake unapita kilo 12, na kuni haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo gesi ni lazima itoshe. Anapakia kiroba, anakitundika, anasoma, anatoa mfuko wa mchele, anaweka wa tambi, anatundika tena. Nikaona kwamba mizigo ya mahema anaiachia kilo 17. Nikadhani amesahau.

"Hema likilowa?" aliniuliza.

Kitambaa cha hema kikinywa mvua ya usiku kinaongeza kilo mbili, tatu, na asubuhi hakuna muda wa kulikausha. Mpagazi aliyeondoka langoni na kilo 20 kamili atatembea siku ya tatu na 23 mgongoni, na hakuna mizani itakayomtetea. Agosti mizigo hiyo huipakia hadi 19. Oktoba mwishoni, 17. Kilo zile tatu ndizo vuli, zimeshapimwa kabla haijanyesha.

Kupanga namna hii si jambo geni mlimani. Mwaka 1889, wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro, Meyer alikuwa amejifunza kutokana na jaribio lake la 1887 lililoshindikana: alipanga kambi kwa ngazi, na chakula kikapandishwa kwao kila baada ya siku chache. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki nao kambi ya juu kwenye baridi ile. Ninapotaja ushindi ule napenda kuanzia kwenye jiko.

Mvua ilitukuta Shira. Ilinyesha kuanzia saa nane usiku, na asubuhi mahema yalikuwa kama ngozi mbichi. Wagumu wakayakunja, wakayabeba, wakapita. Jikoni, mpishi alikuwa anasonga ugali wa timu. Huko juu ukiharakishwa unabaki na ladha ya unga, hivyo aliufunika na kuuacha moto mdogo muda mrefu kuliko nilivyozoea. Aliwapakulia vijana kwa uangalifu ule ule aliotumia kupanga sahani za wageni, na kabichi aliikata nyembamba vilevile.

Usiku wa Barafu nilikuwa hemani mwa jiko alipoinua kifuniko cha uji. Wageni watatu walimaliza bakuli. Wa nne alitikisa kichwa. Mpishi hakubishana, akampa kikombe cha supu ya boga chenye joto la kushikika, akageuka kama mwenye kazi nyingine. Alipogeuka tena kikombe kilikuwa kitupu.

Siku ya mwisho, kambi ya Mweka, alimwaga vilivyobaki juu ya salfeti: chumvi kidogo, majani ya chai, kibiriti, vitunguu viwili. Mayai yameisha, hakuna hata moja lililopasuka. Nikampongeza. Alikuwa anavitazama vile vitunguu. Akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa Karanga, akafuta 9, akaandika 7.