Zimwi Likujualo: Uhakiki wa Mfululizo wa Filamu za "Halloween" (1978–2022)

Utangulizi

Katika semina moja ya uhakiki, mwanafunzi wetu alisoma mbele ya wenzake kazi aliyoiandika juu ya filamu ya kutisha iitwayo "Halloween", iliyoongozwa na Mmarekani John Carpenter mwaka wa 1978. Alifuata hatua zote tulizomfundisha: alitaja dhamira, akawapanga wahusika, akachunguza mandhari. Alipofika kwenye mgogoro alitoa hukumu yake. Filamu hiyo, alisema, ni dhaifu kwa kuwa haionyeshi chanzo cha mgogoro; muuaji anaua bila sababu. Filamu ya pili, ya mwaka wa 1981, ni bora zaidi, kwani humo sababu inapatikana. Wenzake walikubaliana naye. Nasi tuliokuwa tukiiongoza semina hatukuwa na jibu la papo hapo, maana mwanafunzi alikuwa ametumia vyombo vyetu wenyewe.

Makala haya mafupi ni jibu lililochelewa. Tunakusudia kuonyesha kwamba filamu ya kwanza ni bora kwa sababu ile ile iliyomfanya mwanafunzi aidharau, na kwamba zile zilizoifuata ziliporomoka kadiri zilivyozidi kueleza. Huenda msomaji akauliza: masomo ya Kiswahili yana kazi gani na sinema ya Marekani? Filamu hizi ni masimulizi, na vijana wetu wamezitazama sana, wengi wao kwa Kifaransa, ambamo ile ya kwanza huitwa "La Nuit des masques", yaani usiku wa vinyago. Namna wanavyozihukumu ndiyo namna watakavyozihukumu hadithi, riwaya na tamthilia zetu.

1. Filamu ya kwanza na kimya chake

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo watoto wa Marekani huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Usiku huo, mwaka wa 1963, katika mji wa kubuniwa wa Haddonfield, mtoto wa miaka 6 aitwaye Michael Myers anamwua dada yake mkubwa kwa kisu. Baada ya miaka 15 anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anarudi mjini kwao na kuwaandama wasichana kadhaa. Mmoja wao ni Laurie Strode, aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis. Daktari Loomis, aliyeigizwa na Donald Pleasence, anamfuata mgonjwa wake huyo ili amzuie.

Hiyo ndiyo hadithi nzima. Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000, fedha kidogo sana kwa sinema ya Marekani, na damu inayoonekana humo si nyingi. Basi hofu yatoka wapi? Kwa maoni yetu, inatoka katika mambo ambayo mtazamaji amenyimwa. Mwanzoni tunaona kila kitu kwa macho ya muuaji, hata kupitia matundu ya kinyago chake. Kinyago kinapovuliwa tunaona uso wa mtoto, na uso huo hautuambii lolote. Anaporudi akiwa mtu mzima amevaa kinyago cheupe kisicho na hisia. Hicho kilikuwa kinyago cha dukani chenye sura ya mwigizaji William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe hata sura ikapotea.

Katika orodha ya wahusika inayofunga filamu, Nick Castle, aliyemwigiza muuaji mwenye kinyago, hakuandikiwa jina la mtu. Ameandikiwa neno la Kiingereza lenye maana ya "Umbo". Kwa mwanaisimu jambo hili si dogo. Jina humtia mtu katika ukoo, humpa mama na baba na mahali pa kuzikwa. Umbo halina ukoo. Tukitumia istilahi zetu, tutasema kwamba mhusika huyu ametolewa katika ngeli ya watu na kutiwa katika ngeli ya vitu. Hata daktari, ambaye kazi yake ni kueleza, anakiri kwamba kwa miaka mingi alimchunguza asikute ndani yake ila uovu mtupu.

Naye Laurie anaandamwa kwa nini? Asubuhi hiyo baba yake, muuzaji wa nyumba, alimtuma kupeleka ufunguo kwenye nyumba tupu ya akina Myers, na muuaji alikuwa amesimama ndani akimtazama. Hakuna zaidi. Mtoto yeyote aliyetumwa na mzazi wake angeweza kuwa mahali pake. Mwishoni Loomis anampiga muuaji risasi sita, anaanguka kutoka ghorofani, na daktari anapochungulia chini haoni mwili. Kisha tunaonyeshwa ngazi, vyumba na nyumba za mji huo, huku pumzi za muuaji zikisikika. Filamu inakwisha bila kutuambia yuko wapi.

2. Umbo linapopewa ukoo

Filamu ya pili iliongozwa na Rick Rosenthal, lakini iliandikwa na Carpenter na Debra Hill, wale wale walioandika ya kwanza. Humo tunaambiwa kwamba Laurie ni dada yake Michael, aliyelelewa na familia nyingine. Hii ndiyo "sababu" iliyomfurahisha mwanafunzi wetu.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kumfariji mtu, na ndiyo maana inatufaa hapa. Zimwi likiwa ndugu, uhusiano naye una kanuni zake. Ana deni analodai, ana mipaka, ana watu anaowataka na wengine asiowajali. Mtazamaji asiye na kaka wa namna hiyo anaweza kwenda kulala. Jambo lililokuwa hatari kwa kila mlango wa mji limegeuka kuwa shauri la nyumba moja.

Tangu hapo kila filamu ilibidi iongeze maelezo juu ya maelezo. Katika ile ya nne (1988) muuaji anamtafuta mtoto wa Laurie, yaani mpwa wake. Katika ya tano (1989) mpwa huyo anaunganishwa naye kimawazo, na anatokea mtu wa ajabu mwenye mavazi meusi ambaye hatujui ni nani. Ilipofika ya sita (1995), waandishi walilazimika kulilipa deni hilo: wakaleta laana ya kale na kundi la siri linalomtumikisha muuaji. Yule ambaye daktari wake alishindwa kumweleza sasa ana wakubwa wanaompa amri. Mwaka wa 2007 Rob Zombie alianza upya hadithi yote na kutumia sehemu kubwa ya filamu yake kusimulia utoto wa Michael: nyumba ya ugomvi, matusi, shule ya maonevu, wanyama waliouawa. Kama uchunguzi wa jamii, maelezo hayo yana maana. Lakini mtu tunayejua jinsi alivyoharibiwa tunamhurumia kabla ya kumwogopa.

3. Mwisho unaofutwa

Kosa la pili linahusu mwisho. Katika masimulizi yetu, msimulizi anaposema kwamba hadithi imeishia hapo, anafunga mapatano kati yake na wasikilizaji. Yaliyotendeka yametendeka. Mfululizo huu umeyavunja mapatano hayo mara nyingi mno.

Filamu ya pili inakwisha kwa mlipuko wa hospitalini unaowateketeza muuaji na daktari. Katika ya nne wote wawili wako hai. Hiyo ya nne yenyewe ina mwisho mzuri: mtoto mpwa, akiwa amevaa kama Michael alivyovaa utotoni, anasimama juu ya ngazi na mkasi wenye damu baada ya kumshambulia mama mlezi. Hapo hadithi ilikuwa imepata njia mpya na ya kutisha kweli. Ya tano ikarudi nyuma: mama mlezi hakufa, na mtoto si muuaji.

Mfano mbaya kuliko yote uko kati ya filamu ya 1998 na ile ya 2002. Ya 1998, iliyoongozwa na Steve Miner, ilizitupa kando tatu zilizoitangulia na kumrudisha Laurie, sasa mwalimu mkuu anayeishi kwa jina jingine. Baada ya miaka 20 ya kukimbia anachukua shoka, anafunga mlango wa kutorokea kwa hiari yake, na hatimaye anamkata kichwa kaka yake. Ulikuwa mwisho wenye heshima. Ya 2002 ikatangaza kwamba aliyekatwa kichwa alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, aliyevishwa kinyago na kuvunjwa koo ili asiweze kusema. Laurie, aliyedhani amejikomboa, amekuwa mwuaji wa mtu asiye na hatia, na yeye mwenyewe anauawa mwanzoni mwa filamu. Tazama pia yaliyoupata ukimya. Mwaka wa 1978 muuaji hakusema kwa kuwa hakukuwa na neno la kumfikia. Mwaka wa 2002 mtu hasemi kwa kuwa waandishi wanahitaji hila.

Mtazamaji aliyedanganywa hivyo hujifunza kutoamini kifo chochote, na asipoamini kifo hana cha kuogopa.

4. Lawama ni ya nani?

Wengi hujibu kwamba kosa ni fedha na urudiaji. Fedha zina sehemu yake, bila shaka, lakini filamu ya kwanza nayo ilitengenezwa ili iuzwe. Ama urudiaji, hatuwezi kuulaumu sisi tuliolelewa kwa hadithi za sungura na za zimwi, tulizosikia mara nyingi bila kuchoka. Bibi hakuirefusha hadithi ya jana wala hakutuambia leo kwamba zimwi la jana halikufa. Aliianza tena yote, akaifunga tena yote. Na hakuna mtoto aliyemwuliza zimwi lilionewa na nani utotoni mwake.

Watazamaji nao wana sehemu ya lawama. Mwaka wa 1982 ilitoka filamu ya tatu, iliyoongozwa na Tommy Lee Wallace, isiyokuwa na Michael Myers kabisa. Ilisimulia habari ya mwenye kiwanda cha vinyago aliyekusudia kuwaua watoto kwa tangazo la televisheni. Nia ilikuwa kwamba kila filamu ya Halloween ilete hadithi mpya kuhusu usiku huo. Filamu hiyo ina upungufu wake, lakini njia ilikuwa sahihi. Watazamaji wengi waliikataa kwa kuwa waliyemzoea hakuwamo, na ya nne ikamrejesha, jina lake likitajwa hata katika anwani.

Tusipite bila kutoa haki. Filamu ya mwaka wa 2018, iliyoongozwa na David Gordon Green, ilipendwa na wengi na kuingiza zaidi ya dola milioni 250. Jambo la kwanza iliyofanya ni kuzifuta zote isipokuwa ile ya 1978, na kuutaja undugu wa Laurie na Michael kuwa uvumi wa watu. Kwa hiyo watengenezaji wenyewe waliutambua ugonjwa. Lakini katika ile ya 2021 Laurie anafafanua kwamba kila mauaji humwongezea Michael nguvu, na katika ya 2022 uovu unamwingia kijana mwingine, Corey, kana kwamba ni maradhi ya kuambukizwa. Maelezo yalirudi kwa mlango wa nyuma.

Hitimisho

Kati ya filamu hizi 13, ile iliyoeleza kidogo kuliko zote ndiyo inayotutisha hata leo. Hatusemi kwamba kila kazi ya sanaa inyamaze kuhusu vyanzo. Riwaya inayohusu vita au njaa isiyotafuta sababu zake ingekuwa na kosa kubwa, na nchi yetu inajua gharama ya mauaji yanayoachwa bila maelezo. Tunasema kwamba mhakiki hana budi kuuliza kwanza kazi iliyo mbele yake inahitaji nini. Hadithi ya zimwi inahitaji zimwi lisilojulikana.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi yule ni hili: swali lake lilikuwa letu, na kosa lilikuwa letu pia. Tulimpa orodha ya mambo ya kutafuta, tusimwambie kwamba kukosekana kwa jambo mojawapo kunaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe ya mtunzi. Alikuta mahali pameachwa wazi kwa makusudi, akaandika kwamba hapana kitu. Tangu siku hiyo, katika semina yetu, tumeongeza swali moja mwishoni mwa orodha: mtunzi amekataa kutuambia nini, na angetuambia, tungepoteza nini? Twawaomba wenzetu walijaribu swali hilo katika madarasa yao, hasa wanaposomesha hadithi ambazo sisi wenyewe tumezoea kuzieleza mno.