Mkono Unaojua Kurudi Nyuma

Mwalimu wa mwanangu hufundisha kufunga shati kwa kuanzia mwisho. Vifungo vyote anavifunga yeye. Kile cha chini kabisa anakipitisha nusu kwenye tundu, kisha anamwachia mtoto akivute. Mtoto anavuta, shati limefungwa, na aliyemaliza kazi ni yeye. Akishazoea, anaachiwa kifungo kizima, kisha viwili, hadi afike kolani.

Mwanangu ana sindromu ya Down. Misuli yake ni milegevu, na kazi ambayo wenzake hawaihisi humtoa jasho. Kwa hiyo kabla ya vifungo palikuwa na vibanio vya nguo, sponji la kukamua, na maharage ya kuokotwa moja moja na kutiwa kwenye chupa.

Watu wakimsifu mwalimu huyu husema ana moyo. Anao kweli, ila sifa hiyo peke yake inampunja. Huruma tupu ingemvalisha mtoto shati yakaisha. Yeye ni fundi. Mwanzoni hushika kiganja cha mtoto; baadaye kifundo cha mkono; halafu anagusa kiwiko tu, halafu ananyoosha kidole, halafu anatazama. Kazi ngumu ni kujua lini mkono urudi nyuma. Akiuondoa mapema, mtoto hukata tamaa; akichelewa, mtoto huzoea kushikwa. Ndiyo maana kila siku anaandika daftarini: hili kalifanya peke yake, hili kwa kuguswa, hili kwa kuonyeshwa.

Ufundi huu una nasaba ndefu. Maria Montessori, daktari wa Italia, aliwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili huko Roma akifuata kazi za Mfaransa Édouard Séguin. Ndipo mwaka 1907 alipoanza kutumia mbinu hizo kwa watoto wengine. Wazazi wanaolipia chekechea za Montessori mijini kwetu ingefaa walijue hilo: watoto kama wangu ndio waliotangulia. Leo Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalum, na Kenya wana taasisi yao, KISE, tangu 1986.

Ninachoshukuru zaidi ni kwamba mwanangu alipokelewa mapema, kabla ya umri wa darasa la kwanza. Mtoto aliyefanyiwa kila kitu mpaka miaka kumi huwa amekwisha kufuzu kukaa na kungoja, na kumtoa hapo ni kazi maradufu. Nawawaza wale ambao bado wanafichwa uani wageni wakibisha hodi, na wale ambao kwao hakuna kitengo cha elimu maalum cha kufikika kwa miguu. Wananiuma.

Mwalimu, asante. Tangu siku ya kwanza ulimuuliza yeye jina lake, hukunigeukia mimi, ukasubiri mpaka akajibu. Nyumbani tumekuiga. Shangazi zake wakija sasa humuuliza mwenyewe kama anataka chai au uji, nao wananyamaza hadi aseme.