Punje 600 chini ya L 59

Mpwa wangu wa kidato cha tatu amemaliza kuunda L 59 kwa vijiti vya mishikaki, karatasi na gundi ya mbao. Inaning'inia sebuleni kwa dada yangu, hapa Nyamuswa, na kila mgeni anaisifu. Mimi nina kasoro moja ya kutaja, na haimo katika umbo.

Umbo amelipatia. L 59 ilikuwa meli ya anga ya Wajerumani, puto refu lenye mifupa ya chuma chepesi na tumbo la haidrojeni, urefu mita 226.5. Kwa kipimo cha 1:200, yake ina sentimita 113. Nimeipima.

Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na takribani tani 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa kusini mwa nchi hii. (Nikiweka rula kwenye atlasi, toka Sudan hadi Mahenge, mstari unapita Serengeti, jirani zetu kabisa.) Ilipokuwa magharibi ya Khartoum ikaamriwa irudi. Ilikaa angani saa 95 bila kutua, na wasimuliaji wengi huishia hapo, kwenye rekodi.

Lakini haikuundwa irudi. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo ingebomolewa: ngozi iwe mahema, vitambaa vya ndani bandeji, mifupa minara ya redio. Ndiyo maana mfano uliozibwa kwa gundi kila upande unanikera. Unatuonyesha kitu cha kutazamwa, wakati chenyewe kilikuwa cha kuchanwa. Na yaliyomo angeyabeba nani? Vita ile ilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, wa pande zote mbili, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi.

Nilimwambia hivyo.

"Sasa mjomba, mpagazi nitamtengenezaje? Kwa 1:200 ni milimita nane!"

"Punje ya mchele."

Tukapiga hesabu: tani 15, kila mtu kilo 25, watu 600. Akafuata wembe, akaipasua tumbo bila kunitazama usoni. Dada akanung'unikia mchele wake. Tulihesabu punje zote 600 juu ya meza. Hazikujaza hata kikombe cha kahawa.