Mwili au Mwisho wa Hadithi? Uhakiki wa Udhibiti wa Filamu ya Rafiki (2018)

Katika banda la video ambalo mwandishi wa uhakiki huu alilizoea utotoni huko Basotu, wilayani Hanang, mkaguzi wa filamu alikuwa mwenye banda mwenyewe, na chombo chake kilikuwa rimoti. Tendo la faragha lilipokaribia kwenye kioo, aligeuka kutazama mabenchi. Akiwaona watoto, aliipeleka mbele sehemu hiyo. Usiku, watoto wakishatolewa nje, filamu ileile ilionyeshwa yote. Mazoea hayo yanaibua swali ambalo mijadala ya udhibiti wa sanaa hulipita haraka: kinachokatazwa hasa ni nini, na kwa ajili ya nani? Hoja ya uhakiki huu ni kwamba, katika suala la Rafiki, neno "maadili" lilifunika ukweli kwamba kilichokataliwa hakikuwa mwili bali mwisho wa hadithi.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, inawahusu Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi jijini Nairobi. Wasichana hao wanapendana. Wanafichuliwa, wanapigwa na kundi la watu, na Ziki anapelekwa London. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa madai ya kuhimiza usagaji, muda mfupi kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes.

Mtazamaji anayetafuta picha chafu humo atatoka mikono mitupu. Mapenzi ndani ya gari lililotelekezwa ni mabusu na nyuso zilizokaribiana, hakuna uchi. Kwa maelezo ya mwongozaji, bodi ilimtaka abadilishe mwisho, ambao ulionekana kuwa na matumaini kupita kiasi. Katika mwisho huo miaka imepita, Kena yuko katika kazi ya utabibu, Ziki amerudi, na filamu inaishia mkono ukiwekwa begani. Hakuna anayekufa wala kutubu. Tulinganishe na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyothubutu kuliko Rafiki katika masuala ya ngono, ikazuiwa shuleni, kisha ikaja kusomwa shuleni humohumo. Rosa anajiua. Hatudai kwamba kifo chake pekee ndicho kilichoifungulia riwaya mlango wa darasa, lakini ni vigumu kuamini kwamba hakikusaidia: msomaji anayetaka fundisho hupewa maiti.

Tofauti hii huonekana vizuri zaidi tukiitazama Japani, ambako sheria ililenga mwili kwelikweli. Mwaka 1976 Nagisa Oshima alitengeneza Ai no korida, kisa cha Sada Abe kilichotokea Tokyo mwaka 1936, akionyesha matendo halisi ya ngono. Kwa kuwa kifungu cha 175 cha kanuni ya adhabu ya nchi hiyo kilizuia uchafu wa namna hiyo, mikanda ilipelekwa Ufaransa kusafishwa, na Wajapani wakaoneshwa nakala iliyofifishwa. Oshima alishtakiwa kwa sababu ya kitabu chenye mswada na picha za filamu hiyo. Aliachiwa mwaka 1979, na tena katika rufaa mwaka 1982. Mwisho wa kisa chake ni mauaji, na haukumsaidia mbele ya waendesha mashtaka, maana wao walihesabu viungo. Nairobi walihesabu matumaini. Wahakiki wanaoziweka kesi hizi mbili katika kapu moja la "ngono na sanaa" wanapoteza jambo muhimu.

Aidha, dai kwamba sanaa ya wazi kuhusu ngono ni ugeni mtupu halisimami. Nyimbo za unyago, ambazo Bi Kidude wa Zanzibar alizifundishia maisha yake marefu, hazikuficha kiungo wala tendo. Zilichofanya ni kuchagua hadhira: mwali na wakubwa wake ndani, wengine nje. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alikaribia mantiki hiyo aliposimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima pekee wakiruhusiwa kuingia, na kumbi za Nairobi zikajaa. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaidhinisha marufuku. Uamuzi wa kwanza ulishughulika na mlango, wa pili na hadithi.

Kwa mtafiti wa Tanzania suala hili si la jirani tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4, iliyotungwa mwaka uleule wa 1976, iliweka sharti la kibali kabla ya kupiga picha, na maombi yake huambatana na mswada. Kwa utaratibu huo, mwisho wenye matumaini unaweza kufutwa ukiwa bado karatasini, na mhakiki asibakiwe na filamu ya kuijadili. Mwenye banda wa Basotu, pamoja na ukali wake wote, alikuwa ameiona filamu nzima kabla hajashika rimoti.