Hongera waongoza njia wa Kivu

Hapa Rubavu, Rwanda, kutoka Rugerero hadi Gisenyi, inapoanzia njia ya matembezi ya Kongo-Nile, ni mwendo mfupi tu. Njia hiyo ya kilomita 227 inafuata Ziwa Kivu hadi Rusizi. Kwa miguu ni kama siku 10. Ramani zipo, lakini mimi nawapongeza vijana wanaowaongoza wageni. Wao ndio wanaojua njia ya mkato iliyogeuka utelezi baada ya mvua, na nyumba ya kuomba maji ya kunywa. Jioni, kule Rubona, humwonyesha mgeni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakipiga makasia kwa nyimbo kwenda kutega samaki wadogo waitwao sambaza.

Kazi yao ina uzito zaidi ya utalii. Mto Sebeya, unaopita Rugerero, unashuka kutoka milima ya Gishwati, msitu uliofyekwa karibu wote. Mei 2023 mafuriko yake yalileta maafa makubwa hapa Rubavu. Mwongozaji anayesimama ukingoni akaeleza uhusiano wa miti ya kule juu na nyumba za huku chini anafundisha somo kubwa. Alipwe vizuri, na watoto wa Rugerero nao wapelekwe Gishwati wakamsikilize.