Mbao za Nyumba Nyingine

Mjomba wangu ni seremala hapa Voi. Jioni moja aliketi nyuma yangu akinisubiri nimalize, nami nilikuwa kileleni mwa Earthen Peak, lile jengo la kinu cha upepo katika Dark Souls II. Nilimshinda Mytha, malkia aliye nyoka kuanzia kiunoni, anayebeba kichwa chake mkononi, nikaingia kwenye lifti. Lifti ikapanda, ikazidi kupanda. Nilipotoka nilikuwa mbele ya Iron Keep, ngome ya chuma inayozama katika ziwa la moto.

“Hebu rudi,” mjomba akasema. “Rudi mpaka nje, nione.”

Nikarudi. Nikamwonyesha kinu kutoka bondeni, mabawa yakizunguka, na juu ya paa mbingu tupu.

“Sasa huo mlima wenye moto uko wapi?”

Sikuwa na jibu. Kila aliyeucheza mchezo huu kwa mapenzi anaijua lifti ile, na wengi wetu huitaja kwanza tunapoulizwa kwa nini mwendelezo huu unatuuma.

Maumivu yenyewe yalianza na raha. Dark Souls ya kwanza ilitoka mwaka 2011, kazi ya Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware, kampuni ya Tokyo. Niliicheza katika chumba cha gemu karibu na steji ya matatu. Vijana wenzangu walilipia mechi za mpira, mimi nikalipia saa za asubuhi kabla hawajafika. Siku ya tatu nilikuwa nimepigana kutoka Firelink Shrine, nikavuka mji wa Undead Burg wenye maiti wanaotembea, nikafika kanisani mwili ukitetemeka. Pembeni palikuwa na lifti. Nikashuka nayo bila kujua inakwenda wapi. Chini kabisa nilijikuta pale pale nilipoanzia, kando ya moto ule ule wa kupumzikia, na juu yangu niliyaona magofu niliyotoka kuyapita kwa damu.

Niliweka kidhibiti chini. Nilielewa kwamba kuna mtu alikaa akapima, akaikunja njia ndefu mpaka ncha zake mbili zikagusana bila kuacha mwanya, kisha akanyamaza ili nigundue mwenyewe. Baadaye, katika giza la Tomb of the Giants, nilifika ukingoni nikaona mbali chini mwanga wa moto wa Demon Ruins. Ulikuwa pale kweli, mahali pake. Ungeweza kwenda kwa miguu.

Anayepanda kutoka Voi kwenda Wundanyi anaujua utamu huo. Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina huruma. Unapita Mwatate, unaanza kona baada ya kona, masikio yanaziba, migomba na mahindi vinashika nafasi ya vichaka vikavu, na mtu wa kiti cha mbele anaanza kutafuta sweta. Kisha gari linapinda, unatazama chini, na yale mashamba ya mkonge uliyopita nusu saa iliyopita yamejipanga safu kwa safu kama mkeka. Hakuna aliyekuhesabia umepanda kiasi gani. Macho yamehesabu. Ukifika Vuria, mita 2,208, siku isiyo na ukungu, Kilimanjaro nayo hujitokeza magharibi, na kila mahali ulipowahi kufika panapata jirani yake.

Hata kilichofichwa katika nchi hii kimeungwa. Mvua hunyesha vilima vya Chyulu, maji yakazama katika mawe ya volkano, yakasafiri gizani kilomita zipatazo 50, kisha yakaibuka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, meupe kiasi cha kumwona kiboko akitembea chini yake. Kutoka hapo bomba huyapeleka Mombasa. Njia ya maji yale haionekani, lakini ipo. Viungo vya Dark Souls ya kwanza vilikuwa vya namna hiyo, na ndiyo maana hadi leo naweza kuichora ramani yake kwa mkaa ukutani bila kukosea.

Mwendelezo ulipotoka Machi 2014, ramani haikukaa kichwani. Sababu moja ni ya kiufundi. Katika mchezo wa kwanza hukuweza kuruka kutoka moto mmoja hadi mwingine mpaka ulipofika mbali sana, kwa hiyo fundi alilazimika kukujengea njia za kurudi. Katika wa pili uwezo huo unapewa tangu mwanzo. Msafiri asipotembea, mjenzi hana wa kumhofia. Matawi yanatoka Majula, kijiji cha kuanzia safari, kila moja likaenda zake, na ncha zake hazirudi kukutana.

Sababu ya pili mjomba aliipata kabla sijamwambia lolote.

“Hapa fundi alibadilika,” alisema. “Hii kazi ina mikono miwili.”

Ndivyo ilivyokuwa. Miyazaki alibaki msimamizi, mikono yake ikiwa katika Bloodborne, iliyotoka mwaka 2015. Uongozi wa mwendelezo umeandikwa kwa majina ya Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura. Tanimura mwenyewe ameeleza kwamba kazi ilipofika katikati ilibidi mchezo mzima ufikiriwe upya, na hapo ndipo yeye alipobeba jukumu la kuamua cha kufanya na michoro na ramani zilizokwisha kutengenezwa.

Nilimsimulia mjomba, naye akatikisa kichwa kama aliyesikia habari za jirani. Wateja wamemletea mara nyingi mbao zilizokatwa na fundi aliyeondoka: fremu za milango mipana kuliko kuta, viguzo vya paa vya nyumba iliyokusudiwa kuwa kubwa zaidi. “Mbao za nyumba nyingine hazikatai kujenga,” alisema. “Zinakataa kukutana.” Kisha akaniomba nimwonyeshe zaidi, na hilo sikulitarajia.

Nikampeleka Majula. Ni kijiji cha nyumba chache juu ya jabali, bahari mbele, jua limesimama upeoni na halizami, na muziki wa taratibu unaokufanya usahau ulichokuja kununua. Nimecheza michezo mingi tangu hapo, na bado sijapata mahali ninapopenda kurudi kama pale.

Nikampeleka kwa mfalme. Mchezo mzima unamtafuta Vendrick, unaambiwa ukuu wake, unaingia makaburini kupambana na mlinzi wake. Ukishashinda unakuta mavazi yake ya kifalme yamewekwa kando, na jitu la mzee aliyekauka, karibu uchi, akiburuta upanga na kuzunguka duara. Hakushambulii. Hata hakuoni. Mjomba alinyamaza muda mrefu.

Hapo ndipo mwendelezo huu ulipoukuta moyo wangu wa Kitaita. Wazee wetu wa zamani walipolala kaburini kwa muda, jamaa zao walilifukua fuvu na kulipeleka pangoni, likae pamoja na mafuvu ya ukoo. Mapango hayo bado yako milimani, na watu hupita karibu nayo kwa heshima. Mfu alikuwa na mahali na watu wa kumtaja. Katika Drangleic, nchi ya mchezo huu, laana ni kinyume cha hayo: unakufa, unaamka, na kila mara kitu chako kinapungua. Uhai wako unafupishwa hata kufikia nusu, uso unaoza, na kinachokurejesha ni kinyago kidogo cha mtu ambacho ukikitazama unajikumbuka.

Lucatiel wa Mirrah, mpiganaji mwenye kinyago cha uso, hukutana nawe mara kadhaa njiani akimtafuta kaka yake. Kila mara maneno yake yana mashimo zaidi. Mwishoni haombi dawa wala msaada wa upanga. Anaomba ulishike jina lake, kwa sababu yeye anahisi litamponyoka. Hicho ni kiungo kilichochongwa kwa patasi kali. Aliyekitengeneza alijua kifo cha pili kinafananaje, na alikichonga kati ya mbao zisizokuwa zake.

Siwezi, kwa ajili ya Lucatiel, kusema lifti ile ni sawa. Wapo wanaosema nchi ya watu wanaosahau lazima ramani yake ivurugike, na wanasema kwa akili nzuri. Mimi nimeona viungo vilivyofunga, na kisichofunga nakijua. Ila sasa najua pia uzito wa kupewa rundo la mbao zilizokwisha kukatwa, siku zinakwisha, na mwenye nyumba anataka kuhamia.

Mjomba hajashika kidhibiti hata mara moja, lakini akipita jioni huuliza kama nimefika kwenye kinu. Nikifika husimama kwanza nje, bondeni, nikamgeuzia picha juu ili aone. Mabawa yanazunguka. Mlima haupo. Kisha tunaingia kwenye lifti.