Maungamo Bila Majuto: Juu ya Sinema ya Kongo-Müller

Sinema «Der lachende Mann», maana yake «Mutu mwenye kucheka», ilitoka katika Ujeremani ya Mashariki mwaka 1966, ndio mwaka ule Elisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi. Wenye kuitengeneza ni Walter Heynowski na Gerhard Scheumann. Inapita saa moja kidogo tu, na karibu yote ni mutu mumoja anayekaa mbele ya kamera na kusema. Mutu huyo ni Siegfried Müller, Mujeremani, askari wa zamani wa jeshi la Hitler. Mwaka 1964 alikuja Kongo katika Komando ya 5 ya Mike Hoare, iliyolipwa na serikali ya Moïse Tshombe ili kupigana na Wasimba.

Sisi watu wa Katanga hatuna lazima ya kufundishwa mersenere ni mutu wa namna gani. Tangu 1960 hata 1963 walipita katika barabara zetu, na jina lao la «les affreux» halijasahauliwa. Kwa hiyo sinema hii si habari ya mbali kwetu.

Ilipigwa München, mwezi wa Novemba 1965. Müller amevaa nguo za vita, Musalaba wa Chuma kifuani. Wanamupa pombe, na kadiri anavyokunywa ulimi wake unalegea. Anasema alipigana kwetu ili kuilinda Ulaya na uhuru. Anasimulia vita na vifo, na anacheka. Wenye kumuuliza hawamugombezi. Hapo ndipo nguvu ya kazi yao: mizinga hailii, hakuna anayepiga mayowe, lakini uso ule mumoja unatosha kumutia mutazamaji baridi.

Lakini sinema ina jina la pili: «Maungamo ya muuaji». Neno hilo tunalikataa. Katekisimu inatufundisha kwamba mwenye kutubu analeta mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Müller analeta maneno tu. Hakumwendea mutu ili ahukumiwe ao asamehewe, alikuwa anajisifu. Kusema zambi kwa sauti si kuungama. Mulevi anaisema vilevile katika baa.

Tena wenye kuuliza nao hawakukaa pahali pa muungamishi. Walimuficha kwamba wametoka Ujeremani ya Mashariki, na chupa ikawasaidia. Pengine musomaji atatujibu: bila werevu ule, angenyamaza. Ni kweli, na ushuhuda wake unabaki na uzito wake. Lakini wao walitafuta silaha ya kupiga Ujeremani ya Magaribi, na marehemu wa Kongo wakawa kuni za moto usio wao. Angalia: kwa muda wa saa nzima hatusikii mujane hata mumoja wa kwetu, wala jina la mufu hata mumoja. Hilo ndilo kosa kubwa la sinema hii, kupita hata hila ya pombe.

Na vita ile haikuwa na muuaji wa upande mumoja. Tarehe 26 Novemba 1964 Wasimba walimuua Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Tarehe 1 Desemba, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa na kolonele wa Wasimba, naye akamusamehe palepale. Tarehe 15 Agosti 1985, katika Kinshasa, Papa Yoane Paulo wa Pili alimutangaza kuwa Mwenye heri, na kwa jina la Eklezia yote akamusamehe muuaji wake. Hapo jina la aliyekufa linatajwa, zambi inaitwa zambi, na musamaha unapewa bila kuficha kitu. Hayo ndiyo tuliyoyakosa München.

Waseminari wetu waitazame sinema hii. Kesho watakaa katika kiti cha kitubio, na vijana waliotoka vitani watakuja, wengine wakicheka. Padri asikidharau kicheko kile, wala asikiamini. Aulize polepole: Aliyekufa alikuwa nani? Aliacha nani nyumbani? Pale kicheko kinapokatika, majuto yanaweza kupata mulango.

Müller alikufa katika Afrika Kusini mwaka 1983. Katika Misa ya marehemu tuwaombee wale aliowacheka, wenye majina yanayojulikana na Mungu peke yake. Naye pia tumuombee.